Kidole Kwenye Biblia

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, ndipo mambo yalipoharibika.

Mke wangu alikuwa hoi kitandani, na kanisani hakuwahi kukanyaga. Binti yetu akafungua Biblia amweleze habari za Yesu.

Nikamzuia. Wazee wa kanisa, hao wakubwa wetu, walikataza kijana kumhubiria mtu kabla hajamaliza darasa lao.

"Subiri Jumamosi umalize darasa, binti yangu," nikamwambia, nikaifunga Biblia, kidole chake kikabanwa ndani.

"We askari wa wazee, mwache mtoto," mke wangu akacheka. "Nina swali."

Nilimwambia apumzike. Alifariki Ijumaa.

Leo mmoja wa wazee walewale yuko mimbarini anawahimiza vijana washuhudie bila woga. Binti yangu amenigeukia.

"Baba, mama alitaka kuniuliza nini?"