Redio Iliyokataa Kusema

Redio ilipiga mluzi mmoja mwembamba, kisha ikanyamaza.

Mwalimu aliiweka bisibisi mezani polepole, kama mtu anayejizuia asiitupe dirishani. Redio hiyo aliiunda kwa mikono yake, kuanzia sanduku la mbao hadi koili ya waya mwembamba aliyoisokota mpaka vidole vikaota sugu. Kila jioni, akirudi kutoka kufundisha jiografia, alivua viatu, akawasha pasi ya kulehemu na kuiinamia meza ile katika chumba cha pili cha fleti yao. Na kila jioni redio ilimpa mluzi, basi.

"Imesema?" mkewe aliuliza. Alikuwa amesimama karibu na mlango, akinyoosha sare yake ya unesi.

"Imepiga mluzi."

"Hata birika langu linapiga mluzi, wala sikulilehemu."

Mwalimu akabadilisha waya mwingine. Mikono yake ikishughulika, mdomo haukujua kutulia, kwa hiyo akaanza kumsimulia mkewe ya siku ile: jinsi mwanafunzi alivyochora ramani ya dunia akasahau bahari, na mwalimu mkuu akaibandika ofisini bila kuona kasoro. Mkewe akamlipa kwa kisa cha mgonjwa aliyetoroka na kitanda. Halafu wakahamia kwenye jengo lao, maana lilikuwa na lawama za kumtosha kila mtu. Taa ya ngazi iliyoungua ikaachwa. Jirani wa juu anayeburuta viti kana kwamba anahama kila siku. Msimamizi wa jengo, ambaye ukimtafuta hayupo, usipomtaka yuko mlangoni.

Ng'ambo ya ukuta, mzee wa fleti ya pili alisikika akicheka peke yake. Alikuwa dereva mstaafu, na tangu afiwe na mkewe hakuwa akizungumza na mtu.

"Maskini," mke alisema. "Upweke utamtia wazimu."

Asubuhi taa ya ngazi ilikuwa inawaka. Mwalimu aliitazama, akaguna, akateremka. Wiki ileile viti vya juu navyo vikatulia. Siku nyingine alikutana na yule mzee akipanda na mfuko wa mboga, na mzee, ambaye salamu yake ilikuwa ya kichwa tu, akamwuliza kama kikohozi kimepungua.

"Kimepungua, mzee wangu," Mwalimu alijibu, akajiambia moyoni kwamba kuta za jengo hili ni karatasi tupu.

Lakini hayo hayakumpoza. Ya watu yalikuwa yakitengenea, yake ndiyo yaliyokwama. Alibadilisha spika. Alifumua viungo vyote na kuvilehemu upya, akaunguza kidole na kitambaa cha meza. Alitoa antena nje ya dirisha, akaivuta mpaka ng'ambo ya roshani, na mkewe akaona kamba nzuri ya kuanikia, akaanika sare juu yake. Mwishowe alimeza aibu akampelekea fundi wa redio mchoro aliokuwa akiufuata, alioukata kwenye gazeti kuukuu. Fundi aliugeuza huku na huku, akamrudishia.

"Mwalimu, nunua ya dukani."

Maneno yale yalimchoma kuliko pasi.

Kisha ikaja habari ya mama mkwe. Alikuwa mgonjwa wa miguu, hakuweza tena kukaa peke yake.

"Atalala chumba hiki," mkewe alisema. "Siwezi kumlaza mama yangu katikati ya nyaya."

"Nipe muda kidogo. Nimeshaikaribia."

"Umeikaribia tangu mwaka jana, mume wangu. Sikio la kufa halisikii dawa."

Mwalimu alitamani kugomba, akakosa pa kushika. Mkewe alikuwa na haki, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Jioni ya kuamkia siku ya ugeni, aliketi mbele ya redio yake kwa mara ya mwisho. Akaunganisha betri, akazungusha kitufe kwa ncha ya kidole. Mluzi. Halafu kimya.

"Nimeshindwa," alisema. Mkewe aliacha kukunja shuka. "Unajua, nyumbani kwetu zamani baba akifungua redio, watu walijaa mpaka barazani. Sisi hapa tumekaa miaka yote hii, na hakuna hata anayebisha hodi. Nilitaka nyumba hii nayo iwe na sauti za watu. Ni hilo tu, wala si ufundi."

Mkewe akamwekea mkono begani.

"Basi," Mwalimu alisema, akachukua bisibisi. "Naifungua sasa hivi, vyuma vyote viingie kwenye boksi. Mama apate nafasi."

Alikuwa bado hajalegeza skrubu ya kwanza mlango ulipogongwa. Haukugongwa na mkono mmoja.

Alipofungua, alikuta ngazi imejaa. Jirani wa juu alikuwepo na mumewe, wote wawili na kandambili. Msimamizi wa jengo alikuwepo, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja msibani. Mbele yao alisimama dereva mstaafu, akikumbatia redio yake ndogo kifuani, macho yamemlowa.

"Mwalimu," mzee alisema, "tumekuja kukuomba. Usiifungue. Kwangu kuna chumba kizima hakina mtu, vyuma vyako vihamie huko, lakini usiifungue."

Mwalimu aliwatazama mmoja mmoja.

"Nani amewaambia?"

Mzee aliinamisha macho kwenye redio yake. Ndani, kutoka chumba cha pili, mkewe akaita, "Mume wangu, ni akina nani hao?" na sauti yake ikatoka, safi kabisa, kwenye redio iliyokuwa kifuani mwa mzee.