Viganja vya Nasipwondi

Kila Alhamisi pale mtaani Lindi, akina mama walipokutana kuomba, Nasipwondi alitoa ushuhuda wa jinsi alivyomtoa mtoto wa jirani kwenye nyumba inayoungua. Kila akisimulia, ule mlango wa bati ulizidi kuwa mwekundu, naye akiusukuma kwa viganja vitupu.

Alhamisi hiyo mama wa yule mtoto, aliyehamia mtaa wa Gatina, alikuja kusali nao.

"Haiya, dada! Uliusukuma na mikono yote miwili?"

"Miwili," Nasipwondi akajibu, maana akilini aliuona moto wote waziwazi.

"Basi tuinue mikono tumshukuru Mungu." Akatangulia kuinua yake. Viganja vilikuwa na makovu ya moto, vimekunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka.

Nasipwondi akavitazama vyake, laini, akavifunika kwa leso.

"Dada, inua basi."