Ndege wa Lingeka

Ijumaa hiyo walikuwa milioni mbili na laki moja.

Felisita aliisoma barua akiwa amesimama mlangoni, basi lililoileta halijaondoka bado. Kwelea kwelea milioni mbili na laki moja, wamelala kwenye matete ya lambo la Lingeka. Mzee Marcelo hakuwa mtu wa kutupa tarakimu kavu. Alionyesha na njia, kama alivyofundishwa. Unanyoosha mkono, unafumba jicho moja, unakadiria ndege wanaofichwa na kidole gumba: mia mbili. Unapima kundi lote lililo angani ni vidole vingapi: mia moja na hamsini. Hapo una elfu thelathini. Kisha unahesabu kundi kama hilo limetua mara ngapi kabla jua halijazama: mara sabini. Ukikosea laki moja, si kitu. Hakuna ndege atakayekuja kulalamika.

Chini ya hesabu alikuwa ameandika: "Kifua kinanisumbua. Nadhani ni unyevu wa lambo."

Felisita alichukua karatasi yenye nembo, akaandika: "Takwimu zimepokelewa. Hesabu tena wiki ijayo." Akagonga mhuri. Halafu akakaa akiitazama ile sentensi ya kifua.

Ofisi ya Bariadi ya kupambana na ndege waharibifu wa nafaka ilikuwa imefungwa tangu mwaka juzi. Serikali ilipoanza kupunguza watu, bwana mkubwa alirudi kwao, dereva naye kwao, na Felisita, aliyekuwa karani, akaachiwa funguo na chumba cha uani ili alinde meza mbili na kabati. Mzee Marcelo alikuwa mkulima wa kujitolea tu, mwenye daftari na bahasha za serikali. Hakuna aliyekumbuka kumwambia.

Barua yake ya kwanza baada ya hapo Felisita aliijibu kwa huruma. Ya pili aliijibu kwa sababu, tangu mumewe afariki, hakuna mtu mwingine aliyekuwa akimwuliza ameamkaje. Sasa aliongeza maneno yake chini ya mhuri: mvua imefika huko? Pasaka ulikula nini? Naye mzee alijibu yote, mara tu akishamaliza ndege.

Lakini kifua. Mtu wa miaka sabini anasimama kwenye tope kila jioni kwa ajili ya ofisi isiyokuwepo! Akifa, nimemuua mimi, Felisita aliwaza. Nikimwambia ukweli, barua ndiyo basi tena. Alilia kidogo, akajikasirikia kwa kulia, akaenda kuuliza basi la kesho linaondoka saa ngapi.

Njiani ilikuwa pamba kushoto, pamba kulia, mpaka kwenye kingo za barabara, na malori ya wanunuzi binafsi yamesheheni. Felisita aliyatazama bila kuyaona. Alikuwa anakariri maneno ya kumwambia mzee.

Alishuka Lingeka saa kumi jioni. Mwanamke aliyekuwa akichuma pamba kando ya njia, jina lake Kwandu, alimwelekeza nyumba. "Ile pale, mayu. Atafurahi. Hana mgeni huyo, mwaka hadi mwaka."

Mzee Marcelo alimtambua kabla hajajitaja.

"Mwadila, mayu," alimsalimu kwa Kisukuma, kama mtu anayemsalimu mama yake. "Wewe ni karani."

Sauti yake ilikuwa safi. Mbele ya nyumba palikuwa na viti viwili, kimoja kimechakaa, kingine bado kinanukia mbao mbichi. Alimkalisha kwenye kipya.

"Mzee wangu," Felisita alianza, "nimekuja kukuomba uache kuhesabu."

Mzee aliinamisha kichwa, akaitazama mikono yake.

"Ofisi imenichoka?"

Maneno yote aliyoyakariri kwenye basi yalimpotea. "Hapana, mzee. Hapana kabisa. Ni kwa ajili ya kifua chako."

"Kifua?" Mzee aliinua uso, akakumbuka, akasimama upesi. "Aa, kifua. Ngoja nikuletee maziwa."

Mzee alipoingia ndani, Kwandu alipita na mzigo wake wa pamba kichwani. Felisita alimwita.

"Dada, ndege hapa wanaanza kutua saa ngapi?"

"Ndege gani, mayu?"

"Kwelea kwelea. Wa kwenye matete."

Kwandu alicheka mpaka akaushika mzigo kwa mikono miwili. "Hao ni wa enzi zile tunalima mtama. Tangu wanunuzi wapya waje, kijiji kizima ni pamba. Ndege atakula pamba? Huu mwaka wa pili hatujamwona hata mmoja."

Akaenda zake, bado anacheka.

Mzee Marcelo alitoka na vikombe viwili, akaketi kwenye kiti kilichochakaa. Jua lilikuwa linashukia upande wa lambo. Anga lilikuwa tupu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Felisita alikunywa maziwa yote, kisha akafungua mkoba, akatoa daftari na kalamu.

"Haya, mzee wangu. Leo ni wangapi?"

Mzee alimtazama. Halafu akanyoosha mkono polepole, akafumba jicho moja, akasimamisha kidole gumba angani.

"Milioni tatu," alisema kwa sauti ndogo.

Felisita naye akafumba jicho, akanyoosha kidole chake.

"Mimi naona kama nne."