Presha ya Mama Lugendo
Tangu jeshi liunganishe mafaili ya afya ya familia za askari wake wote na saa zao, hakuna tena anayempigia mzazi simu kumjulia hali. Lugendo, aliyeko kambini mpakani, huitazama presha ya mama yake kwenye saa ya mkononi. Akiiona iko sawa, anaendelea na kazi.

Leo mama yake, sajenti mstaafu, alijaza chumvi kwenye uji, akaunywa, kisha akapanda na kushuka ngazi mpaka akahema. Simu ikalia.

"Shikamoo mama! Una nini? Presha imepanda!"

"Marahaba, baba. Sijambo. Umekula?"

"Nimekula. Ngoja... mbona inashuka tangu tuanze kuongea? Haya, uko salama. Pumzika."

"Mvua zimeanza huko?"

Simu ilikuwa imeshakatwa. Mama akalivuta tena kopo la chumvi.