Kiazi Chini ya Tope

Sheria ya bwawa ilikuwa fupi: kila nyumba itunze yungiyungi-mwitu moja, na likifa, mzee wa nyumba hiyo akatiwe mgao wake wa maji.

Kiangazi kile bwawa lilikauka likabaki tope lenye nyufa. Mkaguzi alifika asubuhi kwa Nakijwa, akaelekeza kifaa chake pale yungiyungi lilipokuwa.

"Limekufa. Mzee wa nyumba hii, mama mkwe wako, anaitwa nani?"

"Halijafa, bwana! Limelala tu. Majani hunyauka, kiazi kikabaki hai chini mpaka mvua irudi. Mama mwenyewe ndiye aliyenifundisha."

"Kifaa hakioni kiazi."

"Basi utakiona kwa macho yako!"

Nakijwa alipiga magoti, akachimba kwa kucha. Mama mkwe alipiga kelele kutoka mlangoni, "Acha, mwanangu! Niache mimi nikatiwe maji!" Hakuacha. Alikiinua kiazi, cheusi na kizito, na kwenye ncha yake kichipukizi cheupe kama jino la mtoto mchanga.

Mkaguzi alikigeuzageuza mkononi.

"Kweli, lilikuwa hai," alisema, akifuta alichokwisha kuandika. "Kumbe halikufa. Mmeling'oa. Na la kung'olewa, mama, adhabu yake si ya mzee peke yake. Ni ya nyumba nzima."

Akakitupa kiazi chini, akazunguka nyuma ya nyumba, akafunga bomba.

Mama mkwe alikiokota kile kiazi, akakipangusa tope kwa khanga yake taratibu.

"Ni kitamu kikichemshwa," alisema.