Mikono Aliyopewa Namalwa

Mke wangu Namalwa alipoacha kuendesha magari ya mbio yenye magurudumu wazi na kuhamia yale yenye bodi kama ya gari la kawaida, timu yake ya zamani iliutoa ustadi wa mikono yake na kubaki nao, kama sheria inavyotaka. Timu mpya ilimtia mikononi ustadi wa dereva mwanamke aliyestaafu. Jina hatukuambiwa.

Wiki ileile alimsuka binti yetu Nafula mtindo nisioujua.

"Nani amekufundisha?" nikamuuliza.

"Mikono inajiendea tu, Baba Nafula."

"Huyo dereva alikuwa na mume?"

"Nitajuaje?" alijibu bila kunitazama.

Sikumwamini. Tulipokaa kula, mkono wake ulinipapasa kidevu polepole, ukitafuta ndevu ambazo sijawahi kufuga.