Filta ya Tingatinga

"Hiyo nayo hapana," mjane alisema, akairudisha filta ya pili mezani.

Fundi wa kabureta, ambaye mtaa mzima ulimwita Pumzi, alishusha pumzi ndefu. Tangu alfajiri alikuwa ameinama juu ya injini ya gari dogo jekundu lisilo na paa, nakala ya gari la mbio la zamani. Mjane na marehemu mumewe walikuwa wameliunda kwa mikono yao wenyewe, miaka kumi na moja, na leo ndiyo ilikuwa siku ya mashindano ya magari ya kupanda mlima. Injini ilikuwa na kabureta mbili za kulala, zinazovuta hewa kwa ubavu, kila moja na midomo miwili iliyong'aa kama tarumbeta. Kilichobaki ni kuamua midomo hiyo ivishwe nini.

Kwanza Pumzi alikuwa amemwonyesha wavu wa waya. Huo ulizuia mawe na panzi, na injini ingevuta hewa kwa raha zake. Mjane akauliza kama unazuia vumbi, akaambiwa hauzuii, akausukuma kando. Kisha zikaja soksi za sifongo zilizopakwa mafuta, kila mdomo na soksi yake. Hizo zilitosha kwa vumbi la kawaida. Mjane akasema vumbi lake si la kawaida.

Akainama, akaburuta kutoka chini ya meza boksi la bati alilolikunja mwenyewe, la kufunika midomo yote minne kwa pamoja. Ndani yake ilikaa filta ya karatasi, nene kama mto wa kulalia.

Pumzi aliigeuza, akasoma maandishi yake.

"Hii ni filta ya tingatinga, mama."

"Najua. Inaenea?"

Ilienea. Pumzi akamweleza kwa upole, kama anayemweleza mgonjwa, kwamba filta nene huiibia injini nguvu, na kwamba kutoka pale mjini hadi kileleni mwa mlima ni lami tupu. Gari la mbio linataka hewa na wepesi. Na filta haikuwa kosa pekee. Kwenye pua ya gari mjane alikuwa amechomelea kipande cha chuma cha reli, wakati washindani wenzake walikuwa wakihangaika kupunguza hata uzito wa skrubu.

"Sasa hili ni gari la mbio au ni tingatinga lenyewe?"

"Saa nne kamili nisipokuwa pale mlimani, namba yetu anapewa mtu mwingine," mjane alijibu. "Vumbi langu ni la dakika moja tu, fundi. Baada ya hapo ni hiyo lami yako."

Sikio la kufa halisikii dawa, Pumzi alijisemea, akaanza kukaza boliti.

Kazi yenyewe ilikuwa ya taabu. Taa iliwashwa mchana kweupe, kwani mbele ya gari, upande wa geti, lilining'inia turubai la kijani kutoka juu hadi sakafuni. Moshi wa injini ulikuwa na mpira wake mrefu uliopenyezwa kidirishani. Hewa ilinuka petroli na saruji mbichi, naye akadhani sakafu imezibwa mahali. Hata kuingia alikuwa ameingilia uchochoro wa nyuma, akapita jikoni ubavu ubavu kati ya jiko na ndoo za maji, na sanduku la spana kichwani. Geti, mjane alikuwa amemwambia, lina matatizo kidogo.

Habari za shemeji wa mjane, ndugu wa marehemu, muuza matofali, Pumzi alizijua kama mtaa mzima ulivyozijua. Wiki mbili baada ya mazishi shemeji alikuwa amesimama mbele ya ndugu, akatangaza kuwa mjane wa ukoo wao hataonekana akipasua upepo barabarani, na gari lile litaozea palepale lilipo. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alimalizia, na wazee wakaitikia kwa vichwa. Kesho yake mjane alikwenda kuandikisha jina lake kwenye mashindano, mahali palipokuwa na jina la mumewe.

Pumzi alimuuliza kama haogopi kugombana na ukoo mzima.

"Mume wangu amekufa na spana mkononi, amebakiza kabureta tu," alisema. "Sikulijenga gari hili ili niwe nalipangusa likiwa limesimama."

Saa tatu na nusu boksi lilikuwa limekaa mahali pake. Mjane alivaa kofia ngumu, akapandisha miwani kwenye paji la uso, akajifunga mkanda na kuwasha. Injini ilikohoa mara mbili, kisha ikanguruma. Ilipumua vizuri kuliko Pumzi alivyotabiri, jambo ambalo lilimuudhi kidogo.

Simu ya mjane ikaita. Mdogo wake alikuwa mbele ya nyumba na kitambaa chekundu: magari yamesimamishwa, watu wote wamehamia ng'ambo ya barabara, hata paka hayupo. Pumzi alitabasamu kwa madaha hayo yote ya mtu kutoka tu nyumbani kwake.

"Shusha turubai, fundi."

Alivuta kamba, turubai likaanguka, naye akanyoosha mkono kutafuta komeo. Hapakuwa na komeo, wala geti. Matofali mapya ya shemeji yalipanda kutoka sakafuni hadi juu, na saruji kati yake ilikuwa bado na unyevu.

Mjane alishusha miwani machoni, akatia gia ya kwanza.

"Kaa nyuma yangu uzibe pua," alisema. "Wewe sikukutafutia filta."